Mtungi Utokao Jasho

Mmeniandikia kutoka Adelaide, kwa adabu,
mnataka tarehe.
Kitabu cha maonyesho ki karibu kwenda mtamboni
na maisha ya Merle Haddrick, mnasema, yamekamilika,
ila miaka minane yenye mstari mmoja tu:
"Aliishi Oman."

Haya, andikeni.

Alishuka Bahla, Machi ya themanini na tatu,
kwenye teksi nyeupe yenye mabavu ya rangi ya chungwa,
masanduku mawili: moja rangi, jingine brashi.
Nguo alizivaa zote mwilini.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu wa chekechea,
binti wa waliorudi kutoka Wete na Kiswahili mfukoni
kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuuzwa.
Kiingereza changu kilikuwa cha redio. Kilitosha.

Picha zake za mwanzo mnazijua kuniliko:
nchi kavu ya kwao, nyekundu, iliyompa medali,
farasi waliokonda, mabati ya mabanda.
"Nilichora ukame miaka ishirini, Zuweina,
matajiri wakaununua
wakautundika juu ya meza za kulia."
Akacheka. Alicheka kama mtu anayekohoa.

Kisha mtoto wa jicho akaingia, kushoto,
nyekundu ikawa kahawia, kahawia ikawa moshi.
"Vidole haviingiwi na ukungu," alisema,
akaenda kwa Fundi Muhanna, karakana ya chini ya ukuta mkuu.

Fundi hakumtazama. Alimrushia donge,
udongo wa wadi uliokanyagwa kwa miguu tangu alfajiri.
Miezi sita yeye akifinyanga,
miezi sita Fundi akivunja,
bila hasira, kama apasuaye mayai ya kukaanga.

Mtungi wa kwanza kusalimika aliupaka maji ya kioo,
buluu,
akauzungushia falaji na makuti ya mtende.
Mtaa mzima ulikuja kuutazama,
hata mama, ambaye tangu Wete alikuwa hatoki.
Tukautia maji, tukautundika kivulini.
Adhuhuri Fundi akanywa, akatema.
"Moto," akasema.
"Mtungi usiotoka jasho haufanyi kazi.
Umeuziba vinyweleo. Umeuua kwa uzuri."

Mimi ndiye niliyetafsiri.
Maneno ya mwisho niliyameza,
nikasema tu: anadai haupumui.
Alinitazama kwa jicho lililobaki, akajua.

Usiku ule aliimwaga buluu yote uani kwetu.
Wiki nzima kuku walitembea na miguu ya samawati.
Tarehe yake siikumbuki,
na hiyo ndiyo ningependa muiandike.

Siku moja, tukichekecha mchanga, nikampa methali ya kwetu:
mfinyanzi hulia gaeni.
Nikamfafanulia neno kwa neno, polepole.
Akauliza, "Anakula humo, au anatoa machozi humo?"
Nikafungua kinywa, nikakifunga.
Nimeisema tangu utotoni, sikuwahi kuulizwa.
Wakubwa wangesema: anakula, ni wazi.
Lakini nilimtazama, tope hadi viwikoni,
medali yake ikizuia mlango usipigwe na upepo,
nikamjibu, "Mfinyanzi mwenyewe ndiye ajuaye."

Mnaandika kwamba vyombo vya kipindi hiki havina sahihi.
Vipindueni.
Chini, kando ya alama ya kidole gumba,
alichora kwa kijiti
alama ya kuuliza.

Aliondoka Oktoba ya tisini na moja, mikono ikitetemeka.
Fundi Muhanna hakuja kumuaga;
alituma chetezo kimoja, kimepinda kidogo,
kilichofinyangwa, nadhani, kwa mkono wa kushoto.
Kama kimo katika maghala yenu, msikisafishe.

Na ule mtungi mnaoomba niwaazime,
bima juu yenu, ndege juu yenu,
upo hapa nje ya jiko, ubavuni mwa friji.
Mjukuu ameumegua mdomo kwa mpira.
Mniwie radhi.
Sasa hivi una maji.